Yatima wa Tsavo

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Waliposema hivyo walikuwa wakimfikiria binadamu. Yamkini hawakuota kwamba siku moja watu wazima wenye akili timamu, wenye wake na watoto wao nyumbani, wangelala ndani ya banda la mbao ili wamnyweshe maziwa mtoto wa ndovu kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi. Lakini ndivyo ilivyo. Hapa kwetu Kenya kazi hiyo imefanywa kwa zaidi ya nusu karne, nayo ina historia yake. Taabu ni kwamba historia hiyo aghalabu husimuliwa nusu.

Nusu inayosimuliwa ni ya watu wachache wenye majina makubwa, walioandikwa vitabuni na kupigwa picha wakiwa wamemkumbatia mnyama. Nusu isiyosimuliwa ni ya wale walioshika chupa. Nataka kuziweka nusu hizo mbili pamoja, kwa sababu naamini kwamba jambo kubwa tulilofundishwa na mayatima wa Tsavo si namna ya kuchanganya maziwa, ingawa hilo nalo lilichukua miaka mingi. Jambo kubwa ni kwamba yatima haponi kwa mtu mmoja.

Tuanze na zama za bunduki. Wakati wa ukoloni, mtoto wa mnyama wa porini aliyebaki hai baada ya mama yake kuuawa hakuhesabiwa kuwa kitu. Aghalabu alikufa palepale, au fisi walimmaliza usiku uleule. Akiwa na bahati, kama tunaweza kuiita bahati, alipakiwa katika sanduku akapelekwa ng'ambo kwenye bustani ya wanyama, au alifugwa kambini kama paka mpaka alipokua na kuanza kuogopwa.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Elsa. Tarehe 1 Februari 1956 George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama katika maeneo ya kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyewarukia. Baadaye ndipo ilipofahamika kwa nini simba yule alikuwa mkali vile: alikuwa na watoto watatu wachanga waliofichwa katika mwamba. Wawili kati yao waliishia katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alibaki na mke wake George, Joy, na ndiye akaitwa Elsa. Alifundishwa kuwinda, akarudishwa porini huko Meru, akazaa, kisha akafa mwezi Januari 1961 kwa maradhi yanayoletwa na kupe. Kitabu alichoandika Joy kilitoka mwaka 1960 na kusomwa dunia nzima, na mwaka 1966 kikafanywa filamu.

Hadithi ya Elsa ilibadilisha mawazo ya watu wengi. Kwa mara ya kwanza walio mbali walimwona mnyama wa porini kuwa ana nafsi yake, wala si nyama na ngozi tu. Hilo tusilidharau. Lakini ndani ya masimulizi hayohayo yumo kijana aitwaye Nuru, mtumishi wa akina Adamson, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaangalia watoto wale watatu siku kwa siku. Waulize watu kumi waliomsikia Elsa kama wamepata kumsikia Nuru, nawe utajionea.

Na kuna upande mwingine wenye uchungu zaidi. Mwaka 1971, huko Kora, simba aliyeitwa Boy, ambaye alikuwa amelelewa na watu na hata kutumiwa katika filamu ile, alimuua Stanley, msaidizi wa George Adamson. George mwenyewe ndiye aliyempiga risasi simba aliyempenda. Mnyama aliyelelewa na binadamu amepotezewa hofu yake ya binadamu, na gharama ya upotevu huo mara nyingi hulipwa na yule anayefanya kazi karibu naye kwa mshahara. Kwa hiyo swali la namna ya kumlea mtoto wa mnyama si swali la huruma peke yake. Ni swali la roho za watu pia.

Sasa twende Tsavo. Hifadhi hii ya taifa ilitangazwa mwaka 1948, nayo ni pana ajabu, zaidi ya kilomita za mraba 20,000 za ardhi nyekundu, mibuyu na miiba, iliyokatwa katikati na reli ya kutoka Mombasa. Baadaye iligawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi. Mkuu wa Tsavo Mashariki, aliyekaa Voi kwa zaidi ya robo karne hadi mwaka 1976, alikuwa David Sheldrick. Mke wake aliitwa Daphne, mzaliwa wa Kenya.

Nchi hiyo haikuwa tupu ilipofanywa hifadhi. Waata, ambao wengine wanawaita Waliangulu, walikuwa wakiishi humo kwa kuwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wenye sumu. Wakamba nao waliwinda upande wao. Katikati ya miaka ya 1950 serikali iliendesha operesheni kali dhidi ya wawindaji, na wanaume wengi wa Kiwaata walifungwa gerezani kwa kufanya kazi ambayo baba zao waliifanya bila kuulizwa na mtu. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu hawezi kueleza habari za mayatima wa Tsavo akajifanya kwamba waliofanywa yatima katika nchi ile ni ndovu peke yao.

Ndama waliopotelewa na mama zao walianza kuletwa Voi katika miaka hiyohiyo ya 1950. Miongoni mwa wa mwanzo walikuwa Samson na Fatuma. Hao waliishi, kwa sababu walikuwa wameshakua kiasi cha kujitafutia majani. Waliokuja wangali wananyonya hawakuishi. Ndovu hubeba mimba kwa miezi 22, na mtoto anapozaliwa ana uzito wa kilo 100 au zaidi. Kwa miaka miwili ya mwanzo hawezi kuishi bila maziwa, na huendelea kunyonya hata baada ya hapo. Mwili mkubwa huo hutudanganya. Tunamwona kama dume la ng'ombe, kumbe ni mtoto mchanga.

Akina Sheldrick walijaribu maziwa ya ng'ombe, na ndama wakaharisha. Walipunguza, wakaongeza maji, wakatoa mafuta, wakarudisha mafuta, na ndama wakazidi kudhoofu. Ilichukua miaka karibu 20 ya majaribio, na kila jaribio lililoshindikana lilimalizikia kwa kaburi. Hatimaye ilifahamika kwamba kinachowadhuru ni mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe, ambayo tumbo la ndama wa ndovu haliwezi kuyasaga. Ilibidi yapatikane mafuta mengine. Daphne alitumia maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yasiyo na mafuta ya ng'ombe, akakuta kwamba mafuta yaliyofaa kushika nafasi hiyo ni mafuta ya nazi.

Mimi kila nikilifikiria jambo hili hutabasamu. Mnazi, mti wetu wa pwani, ambao mama zetu hutumia tui lake kupikia wali na samaki na mafuta yake kupaka nywele, ndio uliokuwa na jibu. Jibu hilo lilikuwa sokoni Mombasa wakati wote, mwendo wa saa chache tu kwa gari moshi kutoka Voi.

Ndama wa kwanza mchanga sana kunufaika na ugunduzi huo aliitwa Aisha. Ilikuwa mwaka 1974. Alikunywa mchanganyiko wenye mafuta ya nazi, akanenepa, akaanza kucheza. Daphne alikuwa naye mchana kutwa, akamlisha kwa mkono wake, na ndama akamfuata kila aendako kama kivuli. Kwa miezi kadhaa ilionekana kwamba kitendawili kimeteguliwa. Kisha Daphne alilazimika kwenda Nairobi kwa ajili ya arusi ya binti yake. Alimwacha Aisha mikononi mwa msaidizi, na maziwa yakabaki yaleyale, kwa kipimo kilekile, kwa saa zilezile. Aisha alikataa kula. Kila siku alimtafuta mama yake asimwone. Daphne aliporudi alimkuta amebaki mifupa, na haukupita muda akafa.

Maziwa yalikuwa sahihi. Kilichomuua Aisha ni majonzi. Baada ya miaka yote ile ya kupambana na tumbo la ndama, ilidhihirika kwamba tumbo lilikuwa sehemu ndogo ya tatizo. Ndovu huzaliwa ndani ya jamaa: mama, nyanya, makhalati, dada wakubwa, wote wanamgusa, wanamwita, wanamkinga jua kwa miili yao. Aisha alikuwa amepewa maziwa ya kutosha, lakini jamaa nzima iliwekwa katika kiwiliwili cha mtu mmoja. Mtu huyo alipoondoka, jamaa yote ilikufa siku moja.

Daphne Sheldrick mwenyewe alilieleza jambo hilo waziwazi hadi mwisho wa maisha yake mwaka 2018, wala hakulificha. Nalihesabu hilo kuwa la heshima kwake. Kwani angeweza kusema kwamba ndama aliugua tu, na nani angembishia? Badala yake alikubali fundisho lenye kuumiza, kwamba mapenzi ya mlezi mmoja, hata yakiwa makubwa namna gani, yanaweza kuwa hatari kwa yatima. Tangu hapo kanuni ikawa kwamba ndama asimilikiwe na mlezi mmoja. Walezi wawe wengi, wawe wanapokezana, na ndama awapende wote sawa.

David Sheldrick alifariki mwaka 1977 kwa maradhi ya moyo, na mwaka huohuo shirika la hisani lenye jina lake likaanzishwa. Mjane wake akapewa nafasi ya kuishi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na hapo ndipo kituo cha kulelea ndama kilipokua.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya msiba. Bei ya pembe ilipanda, na bunduki za rashasha zikaingia porini. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Ilipofika mwaka 1989 walikuwa chini ya 20,000. Katika eneo la Tsavo peke yake, ndovu waliokuwa 35,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipungua hadi kufikia kama 5,400 mwaka 1988. Tena kabla ya majangili ulikuja ukame wa mwaka 1970 na 1971, ambao uliua ndovu wapatao 6,000 katika Tsavo, wengi wao wakiwa majike na watoto wao. Mwezi Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya ulimwengu, na mwezi Oktoba mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi.

Mafungu ya pembe yana hesabu. Mayatima hawana. Kila jike lililoanguka huenda lilikuwa na mtoto pembeni, naye hakuwa na pembe, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kupoteza risasi. Aliachwa. Wachache sana walionekana na wasamaria wema au askari wa wanyamapori. Mwaka 1987 aliletwa Nairobi ndama mchanga kutoka Maasai Mara, akaitwa Olmeg. Yeye alilelewa kwa kanuni mpya, kwa maziwa ya mafuta ya nazi na walezi wengi wanaopokezana, na akaishi. Mwaka 1989 aliletwa Edo kutoka Amboseli. Mama yake Edo hakuuawa kwa risasi. Alikufa kwa kula takataka zilizotupwa katika jaa la hoteli ya watalii, yaani mabaki ya wageni waliokuja kutoka mbali kwa sababu ya kuwapenda ndovu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi huiona kwa saa moja ya adhuhuri ambapo wageni huruhusiwa kutazama ndama wakinywa maziwa na kugaagaa katika matope. Wanaona wanaume waliovaa makoti ya kijani na kofia, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini kazi huanza wageni wanapoondoka. Ndama mchanga hukataa kunyonya chupa akiwa amesimama peke yake mbele ya mtu. Porini angelaza mkonga wake kwenye tumbo la mama akanyonya. Kwa hiyo walezi hutundika blanketi kubwa, mlezi akajificha nyuma yake, ndama akaegemeza uso na mkonga wake kwenye blanketi lile, ndipo akanyonya. Jua likiwa kali hupakwa dawa masikioni, kwa sababu ngozi ya masikio ya mtoto mchanga huungua, naye hana kivuli cha mama. Kukiwa na baridi hufungwa blanketi mgongoni. Usiku mlezi hulala katika banda moja naye, kitandani juu, na ndama huinua mkonga gizani ili ahakikishe kwamba mtu yupo. Akikosa kumgusa mtu, hupiga kelele. Kesho usiku mlezi mwingine hulala hapo, na keshokutwa mwingine.

Wanyama wengine nao wamelelewa kwa werevu huohuo. Mtoto wa kifaru hutembezwa kila siku kwenye marundo ya kinyesi ambapo vifaru wa eneo hilo huacha habari zao, ili wenyeji waizoee harufu yake kabla hawajakutana naye. Asipotambulishwa hivyo, watamuua. Mwaka 2020 ililetwa pundamilia changa ambayo mama yake aliliwa na simba. Pundamilia huyo alishonewa koti la milia, na mlezi yeyote aliyekuwa zamu alilivaa. Mtoto akaambatana na koti, wala si na mtu. Mtu aweza kucheka akisikia habari za mwanamume mzima aliyevaa milia nyeusi na nyeupe akimpa pundamilia chupa, lakini ndani ya kichekesho hicho limo kaburi la Aisha.

Ni akina nani wanaume hao? Wengi wametoka vijijini, baadhi yao katika jamii zilezile zinazopakana na hifadhi, ambazo mazao yao hukanyagwa na ndovu. Baadhi wamefanya kazi hiyo kwa miongo miwili na zaidi. Wanalala na watoto wa ndovu usiku mwingi kuliko wanavyolala nyumbani na watoto wao. Jambo hilo sikulisoma popote. Nililiwaza nilipokuwa nikimtazama mmoja wao akipangusa povu la maziwa kwenye mdomo wa ndama kwa kitambaa, polepole, bila kumtazama mtu, kama baba yeyote.

Katika ukoo wetu palikuwa na mtoto aliyeachwa na mama yake akiwa na siku tisa. Mama alikufa kwa homa ya uzazi. Bibi yangu alimlea kwa maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na maji ya moto na chembe ya sukari. Lakini ukimwuliza bibi ni nani aliyemlea mtoto yule, alikuwa akianza kutaja majina: fulani aliyekuwa akimbeba mgongoni asubuhi, fulani aliyekuwa akimwogesha, jirani mwenye kunyonyesha aliyemwazima ziwa alipougua. Orodha ilikuwa ndefu, na jina lake mwenyewe hakulitaja. Waswahili husema yatima hadeki. Ni kweli, yatima hana wa kumdekea kama anategemea mtu mmoja. Akiwa na watu kumi, nimeona kwa macho yangu, hudeka vizuri sana.

Tofauti ni kwamba mtoto wa binadamu tunamlea abaki kwetu. Mtoto wa mnyama wa porini tunamlea atuache, na hapo ndipo kazi ya walezi inapozidi ugumu. Ndama akifikisha miaka mitatu hivi hutolewa Nairobi na kupelekwa Tsavo, kwenye makao ya Voi, au Ithumba yaliyoanzishwa mwaka 2004, au Umani katika msitu wa Kibwezi, yaliyofunguliwa mwaka 2014. Huko hukutana na mayatima wakubwa zaidi. Mchana hutembea porini, jioni hurudi kulala. Siku moja mmoja wao harudi. Amefuatana na ndovu wa porini. Mlezi huhesabu, hukuta pengo, na pengo hilo ndilo malipo yake.

Mama mkubwa wa mayatima wa Voi kwa miaka mingi alikuwa Eleanor, ndovu aliyeokolewa akiwa mtoto na kukulia mikononi mwa watu. Eleanor aliwapokea ndama waliofuata, mmoja baada ya mwingine, akawafundisha mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuwafundisha: namna ya kung'oa gome, namna ya kujipaka vumbi, namna ya kusalimu wakubwa. Naye katika utu uzima wake akaenda zake porini. Mwaka 2008 ndovu aitwaye Emily, ambaye naye alilelewa yatima, alizaa porini, akamleta mtoto wake Voi kuwaonyesha walezi. Mwaka 2011 Mulika akafanya vivyo hivyo Ithumba, na mwaka 2012 akafuata Yatta. Majike hayo yangeweza kuzalia popote katika nchi pana ile yasionekane na mtu. Nani aliyeyaambia yarudi? Mimi si mtaalamu wa wanyama, na sitaki kuwavika ndovu mawazo ya binadamu. Nasema tu kwamba katika ukoo wetu pia mtoto akizaliwa hupelekwa kwa wazee akaonekane.

Msomaji makini atakuwa ameshauliza swali moja moyoni. Je, ni haki? Kituo hicho kimelea ndovu zaidi ya 300 tangu kianze. Hao ni wachache mno ukilinganisha na waliokufa. Maziwa ya ndama mmoja ni ghali, na katika vijiji vinavyopakana na Tsavo wapo watoto wa watu ambao hawapati kikombe cha maziwa. Mkulima wa Taita Taveta ambaye shamba lake la mahindi limemalizwa kwa usiku mmoja, akisikia kwamba ndovu mwenzake yule aliyemharibia analazwa kwa blanketi Nairobi, tumtarajie aseme nini?

Sitaki kumjibu kwa maneno matamu, kwa kuwa hoja yake ni ya kweli. Tangu zama za kuwafunga Waata, uhifadhi katika nchi hii umekuwa na tabia ya kumpenda mnyama na kumsahau jirani yake. Lakini nitamwambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba yatima hatokei bure. Kila ndama aliyeletwa akiwa peke yake ni barua ya kutueleza kuna nini porini. Katika miaka ya 1980 barua nyingi zilisema: bunduki. Siku hizi nyingine zinasema: ukame, kisima, waya wa mtego, reli. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa kwa ukame katika kipindi cha kuanzia Februari hadi Oktoba. Ukame huohuo ndio uliomaliza ng'ombe wa wafugaji na mahindi ya wakulima. Anayepuuza barua ya ndama amepuuza barua yake mwenyewe.

La pili ni kwamba jibu la swali la haki limeanza kupatikana, tena si Nairobi. Limetoka Samburu. Mwaka 2016, katika eneo la hifadhi ya jamii la Namunyak, kilifunguliwa kituo cha Reteti, ambacho ni mali ya wenyeji wenyewe. Katika nchi ile kavu Wasamburu huchimba visima virefu katika mchanga wa mito iliyokauka, wakawanywesha mifugo huku wakiimba. Usiku ndovu huja kutafuta maji hayohayo, na ndama huteleza akatumbukia. Zamani ndama huyo alikuwa hasara na kero. Siku hizi vijana humtoa, wakajaribu kumrudisha kwa mama yake, na ikishindikana humpeleka Reteti. Miongoni mwa walezi wamo wanawake wa Kisamburu, kazi ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ya wanaume. Na maziwa? Yalipokuwa magumu kupatikana yale ya unga kutoka ng'ambo, wakati wa maradhi ya korona, walijaribu maziwa ya mbuzi. Yakawafaa ndama. Basi wanawake wa vijijini wakaanza kukamua mbuzi wao na kukiuzia kituo maziwa, na fedha zikaingia nyumbani.

Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka bibi, nikacheka peke yangu. Lakini uzito wa jambo hili si katika mbuzi. Ni kwamba pale Samburu mtoto wa ndovu akipona, mama wa kijiji amepata karo. Maslahi ya yatima na ya jirani yake yamefungwa katika kibuyu kimoja. Huo si mwisho wa taabu, kwa maana mifugo bado hufa, na bado ndovu na watu hugombania maji. Hata hivyo umepatikana mfano wa kufuata.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, karibu 15,000 kati yao wakiwa katika eneo la Tsavo. Hao wameongezeka kwa sababu ya askari waliolinda, sheria zilizokazwa na soko la pembe lililofungwa, na wengi wao hawajapata kuonja chupa. Mayatima waliolelewa ni tone katika mtungi huo. Lakini ni tone lililotufundisha jambo ambalo mtungi mzima usingetufundisha. Tulidhani ndovu mdogo anahitaji chakula, tukamtafutia chakula miaka 20. Tukadhani anahitaji mama, tukampa mama mmoja, akafa. Mwisho tukampa watu wengi wasio na majina makubwa, wanaopokezana zamu, ambao hakuna hata mmoja anayeweza kusema "huyu ni wangu", naye akaishi, akakua, akaondoka.

Kwa hiyo historia hii ikiandikwa tena, na nina hakika itaandikwa, naomba mwandishi wake asiishie kwenye majina yaliyo juu ya malango. Ayaweke, kwa sababu yanastahili. Kisha apite nyuma ya blanketi, aulize ni nani aliyesimama pale na chupa saa tisa za usiku, alitoka kijiji gani, na nani alikuwa akimlelea watoto wake nyumbani wakati huo.